Baada ya Pampu Kuzimwa

Mgeni aliyelisikia jina la Mama Pampu kwa mara ya kwanza aliuliza huyo Pampu ni mtoto wa ngapi, na waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mtoto wake alikuwa binti mmoja tu, ameolewa mji mwingine, na ana jina lake zuri la kawaida. Pampu ilikuwa kazi. Mama huyu, mwanamke wa mifupa mizito na mikono iliyonuka grisi hata siku za harusi, alikuwa mwangalizi wa pampu za mgodi wa makaa ya mawe. Aliianza kazi hiyo akiwa msichana, akaifanya mpaka nywele zikaanza kumgeuka rangi.

Mgodi ulikuwa chini ya mtaa. Si kando yake wala karibu yake, bali chini hasa: vichochoro vya giza vilivyochimbwa na baba na babu za watu waliokuwa wakilala juu. Maji yalivuja humo kutoka kila upande, na kama yasingesukumwa nje, mgodi ungejaa kama kisima. Basi pampu zilisukuma bila kupumzika, na mngurumo wake ukapita ardhini ukaingia majumbani. Vikombe vilitetemeka kabatini. Wageni walilalamika kwamba hawalali. Wenyeji walikuwa hawausikii tena.

Msidhani Mama Pampu aliupenda mgodi. Baba yake mzazi aliutumikia mpaka kifua kikagoma. Alikufa ameketi kitini, maana akilala pumzi haziji. Makaa yaliyotoka chini yalichomwa palepale kwenye mtambo wa umeme, na moshi wake ukatua juu ya kila kitu. Shuka nyeupe ukiianika asubuhi, jioni unaingiza ndani shuka ya kijivu. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba makaa yamefika mwisho, kwamba dunia sasa inahamia kwenye jua na upepo na mgodi utafungwa, wenzake wengine walilia machozi, lakini yeye hakulia.

"Acha ufungwe," alimwambia mumewe. "Ulimla baba yangu. Usije ukakula na wewe."

Mumewe waliyemwita Fundi Waya alikuwa fundi umeme wa mgodini, mtu mwembamba, mpole, asiyejua kugombana hata akikanyagwa. Yeye alikuwa na hofu ya kumwaga unga katika umri ule. Lakini hofu yake haikudumu. Kampuni ileile iliyokuwa na mgodi ilitangaza kwamba itatandaza paneli za jua juu ya kile kilima cheusi cha mabaki ya makaa, na mafundi wa zamani watafundishwa kazi mpya. Jina la Fundi Waya lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kutajwa. Alirudi nyumbani meno nje.

Rafiki yake wa tangu utotoni, Kinyozi, alimpongeza kwa namna yake. "Hawa mabwana nawavulia kofia," alisema. "Walituuzia giza miaka yote, sasa wanatuuzia mwanga. Na sisi tunawasaidia kubeba."

Siku ya kufunga mgodi walikuja wakubwa wamevaa kofia ngumu mpya zenye kung'aa. Wakatoa hotuba. Wakasema hewa itakuwa safi, watoto watapumua, na hayo yalikuwa kweli tupu. Kisha wakamwita Mama Pampu mbele ya watu azime pampu kwa mkono wake mwenyewe, kwa heshima ya utumishi wake. Alizizima moja baada ya nyingine. Mngurumo ukashuka, ukawa kama mtu anayeguna usingizini, halafu ukakatika. Watu wakapiga makofi. Katikati ya makofi hayo alihisi nyayo zake zimekufa ganzi, akatazama chini bila kutaka. Sakafu iliyotetemeka chini yake maisha yake yote ilikuwa imetulia.

Wageni walipokwenda kula, Injinia alibaki mlangoni. Alikuwa mtu wa makamo, msomi asiye na majivuno, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akija kunywa chai kwenye chumba cha pampu kwa sababu, alisema, pale ndipo mahali pekee mgodini ambapo hakuna mtu anayemdanganya.

"Maji yatapanda, Mama Pampu," alisema.

"Yatapanda mpaka wapi?"

"Hapo ndipo tunapobishana. Mimi niliomba pampu moja iachwe. Wenzangu wanasema mgodi ukijaa utatulia wenyewe, na kuiendesha pampu kwa ajili ya shimo tupu ni kutupa fedha. Huenda wako sahihi. Kwa kweli sina hakika."

"Na wewe unabaki?"

"Mimi nimehamishwa. Lakini hii namba yangu. Ukiona jambo lolote usilolielewa, nipigie. Usione haya."

Jioni ile mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, alitoka chumbani kwake akishika ukuta.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni pampu, zimezimwa."

"Mbona kimya hivi? Kimya hiki ni cha msiba."

"Utazoea, mama."

"Nizoee nini, mke wa mwanangu? Miaka yote hii uko kazini nasikia unafanya kazi. Leo nimekaa nasikia masikio yangu tu."

Wakacheka wote, na mambo yakaenda. Kwa kweli miezi ile ya kwanza ilikuwa mizuri. Shuka zilikaa nyeupe. Watu waliziona nyota ambazo walikuwa wamezisahau, na wazee waliokuwa wakikohoa kila asubuhi wakaanza kukohoa mara mojamoja. Kilima cheusi kilivaa paneli kutoka bondeni mpaka kileleni, kikawa kinametameta kama samaki. Fundi Waya aliondoka asubuhi akipiga mluzi na kurudi ana ngozi iliyoungua na jua badala ya masizi. Mama Pampu akaanzisha kibanda cha kushona mbele ya nyumba. Cherehani yake ilikuwa ya umeme, na umeme huo ulitoka kilimani kwa mumewe. Jambo hilo alipenda kuwaambia wateja.

Halafu maji ya kisima cha nyuma ya nyumba yakageuka rangi ya kutu. Watu wakasema ni bomba. Paka wa jirani akakutwa amelala kwenye mfereji wa chini, mzima, bila jeraha, amekufa. Watu wakasema ni sumu ya panya. Siku nyingine ndege wawili wakaonekana kwenye mfereji uleule. Mama Pampu alisimama akawatazama kwa muda, cherehani ikimngoja.

Mtaa wao umejengwa mtelemkoni. Nyumba nyingi zina chumba cha chini ambacho kimezama ardhini nusu, unakishukia kwa ngazi za saruji kutoka barabarani. Vyumba hivyo ni vya kodi nafuu, vya baridi wakati wa joto. Kinyozi alikuwa na duka lake katika chumba kama hicho, mkabala na nyumba ya Mama Pampu. Mama mkwe naye alilala katika chumba cha chini cha nyumba yao, maana alisema joto la juu linamchemsha ubongo.

Siku moja yenye mawingu mazito Mama Pampu alivuka barabara kumpelekea Kinyozi taulo alizomshonea pindo. Akamkuta amechuchumaa mbele ya jiko lake dogo la mafuta ya taa, lile la kuchemshia maji ya kunyolea, anaapiza.

"Nini tena, shemeji?"

"Jiko. Nawasha, linazimika. Nawasha, linazimika. Siku hizi hata mafuta ya taa yamegoma. Yamesikia jua limechukua kazi, yamekata tamaa."

Mteja kitini akacheka. Mama Pampu hakucheka. Aliona ule moto mdogo, jinsi ulivyoinuka, ukawa wa njano, ukasinyaa, ukafa bila upepo wowote. Kisha akahisi kichwa kikimgonga na miguu kuwa mizito, akapanda ngazi upesi kuliko alivyokusudia. Kule juu barabarani kichwa kilipoa.

"Baba yangu aliniambia kitu kuhusu moto wa namna hiyo," alimwambia mumewe wakati wa chakula. "Kwamba chini kule taa ikisinyaa, usiulize, toka."

"Hiyo ni chini mgodini. Hii ni saluni."

"Chini ya saluni kuna nini?"

Fundi Waya aliacha kutafuna. Kisha akaendelea.

Asubuhi yake Mama Pampu alimpigia Injinia. Alimweleza kila kitu, kisima, paka, ndege, jiko.

"Nisikilize vizuri," Injinia alisema. "Maji yakipanda mgodini, hewa iliyokuwa humo lazima ipate pa kwenda. Inasukumwa juu, inapenya kwenye nyufa. Na hewa ya mle ni hewa mfu, haina cha kumfaa mtu. Ni nzito, inakaa chini kama maji kwenye beseni. Siku za jua kali hutaiona. Siku za mawingu, mvua inapokaribia, ndipo ardhi inapoitoa."

"Ina harufu?"

"Haina. Na usiijaribu kwa kiberiti, maana mle chini kuna nyingine inayolipuka, na hutajua umekutana na ipi. Watoe watu kwenye vyumba vya chini. Mimi nitawaandikia wakubwa leo hii. Na Mama Pampu, mtu akianguka humo, asiingie mwingine. Umenisikia? Anayeingia kuokoa huanguka juu ya mwenzake. Nimeshatoa miili mgodini ikiwa imelaliana namna hiyo."

Siku hiyohiyo Mama Pampu alimhamisha mama mkwe. Bibi alipinga kwa nguvu zote.

"Sasa unanipeleka juu nikaive?"

"Mama, kule chini hewa ni mbaya."

"Hewa ya wapi? Nimelala pale tangu mume wangu yuko hai. Au umeshapata mpangaji?"

"Sijapata mpangaji, mama. Nitakununulia feni."

"Basi feni ije kwanza, mimi nifuate."

Feni ilikuja na bibi akapanda, kitanda chake kikiwa mabegani mwa mwanawe, akihesabu kwa sauti kila kitu kilichogongwa ukutani.

Mtaa ulikuwa mgumu zaidi. Mama Pampu alipita mlango hadi mlango. Wengine walimsikiliza wakahamisha watoto. Wengine waliuliza nani atawalipia chumba cha juu. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba kazi imemwisha, sasa anatafuta sababu ya kuwashiwa pampu zake tena. Wakubwa wa kampuni walimtuma mtu mwenye kifaa cha kupimia hewa. Alikuja siku ya jua kali, akapima, akakuta hewa safi, akaaga kwa adabu.

Nyumbani nako hali ikaanza kuchacha. Fundi Waya aliitwa ofisini akaulizwa kwa upole kama yeye na mke wake wanaelewana. Alirudi uso umemshuka.

"Unataka na mimi nimwage unga?"

"Nataka watu wasife."

"Nani kakwambia watakufa? Wamepima! Nimepanda kile kilima kwa miguu yangu, nimefunga zile paneli kwa mikono yangu. Kitu kizuri kimoja kimeingia mtaa huu, na mke wangu anazunguka kusema kimeleta kifo."

"Sijasema jua lina kosa. Jua halina kosa lolote. Nasema huwezi kutoka kwenye nyumba ya zamani ukaacha bomba linamwagika, ukasema mimi nimeshahama."

Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao walilala wakiwa wamegeuziana migongo.

Kinyozi ndiye aliyemsumbua zaidi, kwa sababu hakumkatalia. Alimkubalia kila neno. "Sawa shemeji. Mwisho wa mwezi natafuta chumba juu." Mwisho wa mwezi ukapita. "Shemeji, vya juu ni ghali, nipe kidogo. Mlango nauacha wazi, hewa inaingia." Kisha akamwonyesha ule mlango, wazi kabisa, umezuiwa na tofali, na akatabasamu tabasamu lile la kumfanya mtu asahau alichokuja kusema.

Siku yenyewe ilianza na mawingu meusi yaliyoshuka mpaka yakagusa paneli za kilimani. Mvua ilikuwa haijanyesha, ila ilikuwa karibu. Mbwa wa mtaani walikuwa wamelala katikati ya barabara, juu, wala hakuna aliyeteremka mferejini. Fundi Waya hakwenda kazini, kwani walikuwa wamepewa mapumziko. Alikuwa barazani anatengeneza pasi. Mama Pampu alikuwa kwenye cherehani. Waliona wote wawili Kinyozi akija na kikapu chake cha taulo. Alipunga mkono. Akashuka ngazi.

Kwa kawaida, redio yake ingewaka. Walizoea kusikia redio hata kabla ya dirisha kufunguliwa. Mama Pampu alishona pindo moja lote, akainua kichwa.

"Redio," alisema.

Fundi Waya alitazama upande wa pili wa barabara. Akaita jina la utani la rafiki yake, lile walilopeana wakiwa watoto. Hakuna aliyeitika. Aliweka pasi chini akatembea, kisha akakimbia. Mke wake alikimbia nyuma yake.

Kutoka juu ya ngazi walimwona. Alikuwa amelala kifudifudi karibu na kiti chake kikubwa cha kunyolea, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea mlangoni, taulo zimetapakaa. Hapakuwa na damu wala moshi. Chumba kilikuwa kisafi kama kila siku, kimefagiliwa, vioo vinang'aa. Ungedhani mtu ameinama kuokota kitu akapitiwa na usingizi.

Fundi Waya alishuka ngazi ya kwanza, ya pili. Mama Pampu alimrukia kwa nyuma, akaushika mkanda wa suruali yake kwa mikono yote miwili, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Wakaanguka pamoja kwenye saruji.

"Niache!"

"Hupiti."

"Yuko hai! Nimeona kidole kimesogea!"

"Hupiti, baba. Utakufa juu yake."

"Hatua chache tu! Nitabana pumzi!"

Alimpiga kiwiko kifuani, yeye ambaye hakuwahi kumnyanyulia hata sauti. Alimkwaruza mikono. Mama Pampu alifumba macho akashikilia, akamzungushia na miguu, huku anapiga kelele watu wavunje madirisha, walete kitu kirefu chenye ncha, wapige simu. Watu walijaa. Wengine walivunja vioo. Wengine walisimama tu wakitazama mwanamke mzima amemkumbatia mumewe ngazini, mumewe analia kama mtoto anayeomba kuachiwa. Kijana mmoja wa gereji alijaribu kushuka; alifika katikati, akayumba, wakamvuta kwa shati. Baada ya hapo hakuna aliyejaribu tena.

Kililetwa chuma kirefu cha gereji chenye ndoano. Walihangaika nacho dirishani mpaka kikanasa aproni ya Kinyozi, kikamburuta taratibu, kikaponyoka, kikanasa tena. Alipofikishwa barabarani mvua ilikuwa imeanza. Walimgeuza, wakampulizia, wakamkandamiza kifua. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, hauna hata mkunjo wa kushangaa. Gari la wagonjwa lilipofika, daktari aliinama kwa muda mfupi, kisha akavua glavu.

Hapo ndipo Mama Pampu alipotambua kwamba bado ameshika mkanda. Vidole vilikuwa vimekakamaa, ikabidi jirani amfungue kimoja kimoja.

Sasa kampuni ikaja na vifaa vingi, na ikaja siku ya mawingu. Hawakuficha lolote, walisema wazi kwamba hewa ya chumba kile ilikuwa haiwezi kumweka mtu hai kwa pumzi kadhaa, na kwamba aliyeingia wa pili angelala hapohapo. Vyumba vyote vya chini vikapigwa marufuku. Injinia alirudishwa. Alifunga bomba refu juu ya shimo la zamani la mgodi, na feni kubwa kileleni mwake inyonye hewa mfu na kuitupa juu mbali na watu. Feni ikaunganishwa na umeme wa paneli za kilimani. Mama Pampu aliajiriwa upya, safari hii kuilinda feni na kupima vyumba.

"Na siku za mawingu?" alimuuliza Injinia. "Siku ambazo ardhi inatoa zaidi ndizo siku ambazo jua halipo."

"Kuna betri."

"Zinatosha?"

Injinia alifuta miwani yake. "Zinatosha kwa mawingu ya kawaida. Nimeomba za ziada, na laini ya pili. Nimeahidiwa."

"Kama ulivyoomba pampu?"

"Kama nilivyoomba pampu," alisema, bila kumficha.

Fundi Waya hakumlaumu mkewe kwa maneno. Hilo ndilo lililomuumiza. Alirudi kazini, akala alichopewa, akasema asante. Lakini alihamishia godoro lake barazani, na akiwa anapita mlangoni akageuka upande ili wasigusane. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuja kutoka mbali akasema bila kuzunguka: "Mtaa mzima unasema ulimzuia asimwokoe mwenzake." Mama Pampu mwenyewe alikuwa akiamka akiona kile kidole. Vipimo alivisoma mwenyewe. Alijua hewa ilikuwaje. Ila hakuna kifaa kilichopima kidole kile, kama kilisogea au hakikusogea, na kama mtu aliyebana pumzi vizuri angeweza kufika na kurudi.

Aliyemjibia ni mama mkwe. Alishuka kutoka kwenye feni yake, akasimama mbele ya binti yake mwenyewe.

"Wewe unataka nini? Ulitaka uje kuzika wawili? Mwanangu anakoroma pale barazani kila siku, namsikia. Nani kanipa koroma ile? Ni huyu. Sasa kaa chini unywe chai, au urudi ulikotoka."

Wifi alikunywa chai.

Msimu wa mvua uliingia vibaya. Mawingu yalikaa juu ya kilima kwa siku nyingi mfululizo, na feni, iliyokuwa ikivuma kwa nguvu, ikaanza kuvuma kwa kusitasita. Betri za ziada zilikuwa zikingojwa. Katika kisima cha nyuma maji mekundu yalipanda mpaka ungeweza kuyagusa kwa mkono. Mama Pampu alizunguka na kifaa chake shingoni, na kifaa kilianza kulia mahali ambapo hakikuwahi kulia: mtaa wa pili, nyuma ya shule, kwenye mashimo ya mabomba ya maji taka.

Katika siku hizo aliona mkokoteni umesimama mbele ya ile nyumba ya mkabala. Kufuli la chumba cha chini lilikuwa limekatwa. Mwanamume na mwanamke, vijana, wapole, wageni wa mji, walikuwa wanateremsha godoro. Mwanamke alikuwa mjamzito.

"Nani kawapa hiki chumba?"

"Mwenye nyumba, mama. Ametupunguzia kodi."

"Amewaambia kilichotokea humu?"

Wakatazamana. "Ametuambia kulikuwa na tatizo la hewa, likarekebishwa," alisema mwanamume. "Si ile feni pale? Tumeiona inazunguka."

"Inazunguka nusu."

"Tutaacha mlango wazi, mama. Usiwe na wasiwasi." Na akatabasamu, kijana mzuri, mwenye adabu.

Mama Pampu alieleza tena tangu mwanzo, kisima, jiko, Kinyozi. Walimsikiliza kwa heshima yote wanayopewa watu wazima, wakisubiri amalize waendelee kuteremsha vitu. Hawakuwa na pengine pa kwenda, aliliona hilo kwenye jinsi walivyoshika godoro. Alipiga simu kampuni, akaambiwa mtu atakuja. Alimpigia mwenye nyumba, hakupokea.

Basi alishuka ngazi ya kwanza akaketi. Aliketi katikati kabisa, akatandaza gauni lake mpaka pembeni, kifaa mapajani.

"Mama, tupishe, tafadhali."

"Sipishi."

"Mvua inakuja, mama. Vitu vyetu vitalowa."

"Vilowe. Nyumbani kwangu kuna chumba cha juu, kina feni na bibi mmoja mkorofi. Vipelekeni pale. Hapa hampiti."

Mwanamke alianza kulia kwa uchovu. Watu wakaanza kukusanyika, walewale, na Mama Pampu alisikia minong'ono ileile. Matone ya kwanza yalipiga saruji. Kilimani feni ilivuma, ikasita, ikavuma, ikasita.

Fundi Waya alikuwa anarudi kutoka kazini. Alisimama nyuma ya watu, begi la zana begani, amelowa. Alimtazama mkewe pale ngazini, akautazama mkokoteni, akalitazama tumbo la yule mwanamke. Watu wakampisha. Mama Pampu hakuinua uso. Aliona viatu vyake tu vikija, vikasimama mbele yake kwa muda, akajiandaa kwa lolote atakaloambiwa.

"Sogea kidogo," alisema.

Akaketi kando yake, bega kwa bega, ngazi ikajaa. Kisha akamwambia yule kijana, kwa sauti yake ya upole, aanze na godoro kabla halijalowa, na kwamba mlango wa nyumba yao uko wazi. Kijana alisita, akageuza mkokoteni.

Mvua ilizidi. Kifaa mapajani mwa Mama Pampu kilianza kulia, polepole kwanza, halafu haraka, na wote wawili wakainuka kwa pamoja wakasogea juu barabarani, wakasimama wakikisikiliza.